Utando wa Bodi ya Pikapu: Anza na Mzigo, Kopo Lije Mwisho

Pikapu inayofanya kazi ya kweli huzeekea bodini. Injini ya Hilux au ya D-Max ikibadilishiwa oili na filta kwa wakati itakwenda miaka mingi, na tairi zikiisha hununuliwa nyingine. Bati la bodi halina sevisi. Rangi ya kiwandani iliyo juu yake ina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi ya hapo kidogo tu, na haikuwekwa hapo ili ivumilie kokoto za Lugoba, tofali za saruji wala jenereta inayoburutwa na vijana wanne. Mkwaruzo wa kwanza ukishafika kwenye chuma, kilichobaki ni maji na muda.

Na maji yenyewe si maji matupu. Anayechukua samaki pale Feri, Dar es Salaam, anabeba barafu iliyochanganyika na maji ya bahari, na chumvi ikishajipenyeza kwenye maungio ya bati haitoki kwa kumwagiwa ndoo moja. Mkulima wa Njombe anabeba mbolea ya CAN. Punje zinazomwagika hunyonya unyevu wa hewani, huyeyuka zenyewe usiku, na asubuhi zimekwisha kuingia kwenye mikunjo ya sakafu. Anayepeleka mbuzi mnadani anabeba na mkojo wao. Wote hawa wanahitaji kinga bodini, ila hawahitaji kinga ya aina moja. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea: mtu anaingia gereji akiuliza kopo gani ni zuri kabla hajajiuliza bodi yake inabeba nini.

Kabla ya kufika kwenye tando za kupuliza, ambazo watu wa magari huziita bedilaina, niseme neno kuhusu kinga mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni plastiki ya kudumbukiza, lile karai gumu jeusi linalotoka kiwandani na umbo la bodi kamili. Ni rahisi, linafungwa kwa saa moja, na ukiuza gari unaweza kulitoa. Kasoro yake imefichika chini. Kati ya plastiki na bati kuna nafasi, na mchanga unaingia humo pamoja na maji. Gari likitembea kwenye barabara ya vumbi, plastiki inacheza juu ya mchanga ule na kuusaga kwenye rangi, safari baada ya safari, mahali ambapo mwenye gari hapaoni. Nimeziona bodi zilizotolewa karai baada ya miaka kadhaa: juu plastiki bado inang'aa, chini sakafu imetoboka. Kama unalo karai hilo na hutaki kuliacha, walau litoe kila masika yakiisha, uoshe chini yake, uache pakauke, ndipo ulirudishe.

Ya pili ni chekapleti, lile bati lenye vinundu ambalo mafundi wetu wanalipenda. Kwa mawe, chekapleti ya chuma haina mpinzani. Lakini ni nzito, na kila kilo ya bati ni kilo moja ya mzigo uliyoikosa. Ya alumini ni nyepesi, ila ikipigwa riveti juu ya chuma na kumwagiwa maji ya chumvi, metali hizo mbili huanza kuliana, na alumini ndiyo inayotangulia kuliwa kuzunguka kila riveti. Mbeba samaki asiiguse kabisa.

Utando wa kupuliza unashinda zote mbili kwa sababu moja: ukiwekwa vizuri, hakuna nafasi chini yake. Umegandana na bati, basi maji hayana pa kupita. Ukiwekwa vibaya, hata hivyo, unageuka kuwa kifuniko cha kutu, na utalijua hilo siku kipande kizima kitakapobanduka na unga mwekundu nyuma yake.

Sasa turudi kwenye mzigo. Tando hizi hutofautiana kwanza kwa ugumu, na ugumu hupimwa kwa kipimo cha Shore. Kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa utaona namba ikifuatwa au kutanguliwa na herufi A au D. Shore A ni ya vitu vya asili ya mpira. Kanyagio la tairi la kawaida liko kati ya 60 na 70. Shore D ni ya vitu vigumu zaidi, vya jamii ya kofia ya mjenzi. Utando wa Shore A 80 hadi 90 bado una mpira ndani yake: ukiubonyeza kwa ukucha unakubali kidogo halafu unarudi. Utando wa Shore D 50 na kuendelea haukubali.

Ulaini una faida yake. Mzigo hauserereki. Anayesafirisha majokofu, mitungi ya gesi, masanduku ya soda au vioo vya madirisha atapenda utando laini, kwa sababu gari likifunga breki ghafla mzigo unabaki mahali pake, na kelele za bodi hupungua. Lakini mpe utando huohuo mtu wa kokoto na mchanga, na malalamiko yatakuja wiki ya kwanza. Koleo linakwama. Kila ukilisukuma linakamata, na ncha yake inauchana utando badala ya kuteleza juu yake. Mtu wa kokoto anahitaji utando mgumu, mnene, wenye uso usio na vinundu vikubwa.

Uso nao ni jambo la kuamua, na mafundi wachache hukuuliza. Vinundu vikubwa vinapendeza kwa macho na vinashika mzigo, ila vinahifadhi uchafu. Mwuza samaki akipakiwa uso wa vinundu atakuwa anasugua magamba na damu kwa brashi kila jioni, na harufu haitamwisha. Huyo aombe uso laini kadiri fundi anavyoweza. Mbeba mifugo anahitaji kinyume chake: kwato juu ya uso laini wenye maji ni hatari, hivyo vinundu kwake ni usalama wa mnyama. Ukibeba mchanganyiko wa kila kitu, kama pikapu nyingi za mikoani zinavyofanya, mimi ningechagua ugumu wa juu na uso wa wastani, kisha ningenunua mkeka wa mpira wa kutandika siku ya mzigo wa kuserereka. Mkeka unatolewa kwa dakika moja. Utando ukishapulizwa umepulizwa.

Ukipata karatasi ya maelezo, angalia pia namba za kupinga kuchanika, zinazopimwa kwa kiwango cha ASTM D624. Wauzaji hupenda kutaja nguvu ya kuvutwa, kwa kuwa namba yake ni kubwa na inatisha, lakini bodi ya pikapu haivutwi. Inachanwa, na kona za bati, nondo na miguu ya meza. Kwa anayebeba vifaa vya ujenzi, kupinga kuchanika ndiyo namba ya kwanza. Kuna pia kipimo cha kusagika kinachoitwa Taber, ASTM D4060, kinachoonyesha ni miligramu ngapi zimesagika baada ya mizunguko fulani ya gurudumu. Usilinganishe bidhaa mbili kwa Taber kabla hujahakikisha gurudumu, uzito na idadi ya mizunguko ni vilevile, maana kubadilisha gurudumu tu kunabadilisha jibu kabisa.

Kuhusu kilichomo ndani ya kopo, familia ni mbili, poliyurethani na poliyurea, na katikati kuna mchanganyiko wa hizo mbili. Poliyurethani ni kemia ya mwaka 1937, ya Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani. Poliyurea ya kupuliza ilifuata Marekani katika miaka ya 1980. Nataja miaka hiyo ili usibabaishwe na mtu anayekuambia gereji yake ina siri. Kemia hii inajulikana dunia nzima. Zote mbili zina upande wa isosaianeti na upande wa resini, zinazokutana kwenye bunduki na kugandana. Tofauti inayokuhusu wewe ni kasi na unyevu. Poliyurea huganda kwa sekunde, mara nyingi kabla unyevu wa hewani haujapata nafasi ya kuingilia. Poliyurethani ni ya taratibu zaidi, na isosaianeti yake ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo inabaki ndani kama mapovu, na utando unakuwa na vitundu ndani kama maandazi. Kwa kasi yake, poliyurea inahitaji mashine ya gharama inayopasha moto pande zote mbili na kuzisukuma kwa shinikizo kubwa. Huwezi kuipuliza kwa kompresa ya kupulizia rangi. Fundi akikuambia atakupulizia poliyurea halisi kwa bunduki ya kawaida na kompresa ya gereji, huenda hajui alichonacho kwenye kopo.

Kilichopo kwa wingi kwenye gereji zetu ni namna nyingine, vifurushi vya chupa vinavyochanganywa na kigumushi kisha kupulizwa kwa bunduki maalumu yenye mdomo mpana, au kupakwa kwa rola. Raptor ya U-POL ya Uingereza ndiyo inayojulikana zaidi: chupa nne zenye mililita 750 kila moja, unaongeza kigumushi hadi ijae lita moja, unatikisa, unafunga bunduki juu ya chupa. Ni bidhaa ya heshima. Ila ielewe ilivyo: ni rangi nene yenye nguvu, si blanketi la mpira.

Hesabu itakuonyesha. Bodi ya pikapu ya milango minne ina sakafu ya takriban mita 1.5 kwa 1.5. Ongeza kuta za pembeni zenye kimo cha nusu mita, ukuta wa mbele, mlango wa nyuma, matuta ya magurudumu na kingo za juu, unafika mita za mraba 6 hivi. Utando wenye unene wa milimita 3 kila mahali unataka lita 18. Sakafu ikiwa milimita 3 na kuta milimita 2, ni lita 14, na bado hujahesabu kinachopotea hewani. Kifurushi cha lita nne kwenye bodi hiyohiyo kinatoa chini ya milimita 0.7 kikiwa kibichi, na kikikauka kinapungua zaidi. Kwa hiyo fundi anayekuahidi milimita tatu huku mezani pake kuna chupa nne, mwombe akuoneshe hizo nyingine ziko wapi. Ukipewa vifurushi viwili kwenye bodi moja ya kazi nyepesi, umetendewa haki. Kwa kokoto, vifurushi viwili havitoshi, na sikushauri uendelee.

Unapohesabu, usikubali unene ugawanywe sawa. Mawe hayagongi ukuta wa mbele kama yanavyogonga sakafu karibu na mlango wa nyuma, mahali mzigo unapotua na kuburutwa. Hapo, na juu ya ukingo wa mlango wenyewe, na kwenye mabega ya matuta ya magurudumu, ndipo unene unapotakiwa. Nakushauri uweke alama kwa chaki kabla kazi haijaanza, fundi akiona.

Sasa maandalizi, ambayo ndiyo roho ya kazi yote. Bati linaoshwa kwa sabuni ya kukata mafuta, linasuuzwa, linakaushwa. Ndoano za kufungia kamba, plastiki, vizibo na taa za nyuma zinafunguliwa, hazizungushiwi tepu na kuachwa, kwa sababu utando ukiishia pembeni mwa ndoano hapo ndipo utakapoanza kubanduka. Rangi ya zamani inakwaruzwa kwa msasa mkali, namba 80 au chini yake, hadi mng'aro wote uishe. Bati linalong'aa halishikwi na kitu. Kona za matuta na mikunjo ya sakafu, ambako mashine haifiki, zinasuguliwa kwa mkono, na hapo ndipo ninapoangalia mimi kumjua fundi: kona iking'aa, kazi nzima naitilia shaka. Kutu inaondolewa hadi chuma cheupe, kwa grinda yenye brashi ya waya au kwa kupigwa mchanga. Ile tabia ya kupaka dawa ya kutu juu ya magamba na kuendelea haifai hapa. Palipotoboka pazibwe kwa bati, si kwa putty. Chuma kilichobaki uchi kinapakwa praima ya epoksi siku hiyohiyo, maana bati tupu la Tanga au Mombasa lililolala usiku mmoja limekwisha kuanza kuota kutu hata kama macho hayaoni. Halafu vumbi linafutwa kwa kitambaa safi chenye asetoni, kitambaa kikibadilishwa mara kwa mara, na kuanzia hapo mkono mtupu hauingii tena bodini.

Kazi hiyo, ikifanywa kwa uaminifu, inachukua sehemu kubwa ya siku. Kupuliza kwenyewe ni saa moja au mbili. Fundi anayekuambia gari litakuwa tayari baada ya chakula cha mchana ameshakujulisha ni sehemu gani ataruka.

Kuna kazi nyingine inayotakiwa kutangulia, nayo ni kuchomelea. Pikapu zetu hazikai hivihivi: tunaziwekea keria, fremu ya turubai, bomba la abiria kushikilia, kisanduku cha vifaa. Vyote hivyo vichomelewe kabla ya utando. Moto wa welding juu ya poliyurethani au poliyurea huiunguza, na moshi wake una sumu, ikiwemo sianidi ya haidrojeni. Mchomeleaji aliyeinama juu ya bodi hastahili kuvuta hewa hiyo. Ikitokea baadaye ni lazima kuchomelea, utando ukwanguliwe eneo pana kwanza, na kazi ifanywe mahali penye hewa ya kutosha.

Hali ya hewa ndiyo inayowaangusha hata mafundi wazuri wa pwani. Kanuni ni kwamba bati liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya joto la umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewani huanza kugeuka maji. Tuchukue siku ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Joto la umande siku hiyo ni kama nyuzi 26. Bati la gari lililolala kwenye kivuli linaweza kuwa na nyuzi 27 asubuhi, na hapo likipoa kidogo tu linapata ukungu wa maji usiouona, mwembamba kuliko jasho la kiganja. Ukipuliza juu yake umepuliza juu ya maji. Ngoja hadi saa nne au saa tano, bati lipate joto, pima kwa kile kipimajoto chenye umbo la bastola, ndipo kazi ianze. Huku Njombe na Makete tatizo ni lilelile kwa sababu nyingine: baridi ya alfajiri huacha umande mzito, na bati huchelewa kupata moto. Dodoma na Singida hili si tatizo kubwa wakati wa kiangazi, ila vumbi ni adui wa aina yake, na gereji isiyo na pazia haifai. Jua kali nalo lina madhara. Bati lililoota jua hadi halishikiki huifanya rangi ya chupa kukauka juu kabla ya chini, na vitundu vidogovidogo hutokea. Kivuli chenye hewa, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, nje ya masika: huo ndio wakati ninaoupendelea.

Kompresa yenyewe inaweza kuleta maji. Hewa ikibanwa, unyevu wake hukusanyika ndani ya tangi. Muulize fundi amemwaga maji ya tangi lini, na kama kuna chujio la maji kwenye mpira wa hewa. Ni swali la sekunde tano, na jibu lake litakuambia mengi.

Usisimame karibu kuangalia wakati wa kupuliza. Isosaianeti iliyopulizwa hewani inasababisha pumu, na mwili ukishaizoea vibaya, kiasi kidogo sana huweza kuanzisha shambulio tena miaka ya baadaye. Haina harufu ya kukuonya mapema, hivyo kitambaa usoni au barakoa ya hospitali havisaidii lolote. Mpulizaji anatakiwa avae kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, glavu na ovaroli, na vijana wengine watoke. Najua gereji nyingi hazina kinyago hicho. Najua pia kwamba mteja ndiye mwenye fedha mkononi, na akisema hataki kazi ifanywe bila kinyago atasikilizwa kuliko bango lolote la ukutani. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, hawezi kuwa kwenye kila uchochoro wa Gerezani, Dar es Salaam. Wewe upo pale siku hiyo.

Kuna udanganyifu mmoja wa kuujua. Baadhi ya watu hupulizia bodi ile lami nyeusi ya kuzuia kutu chini ya gari, kisha huiita bedilaina. Ikiwa mpya inafanana. Jua likiipata inalainika, magunia yananata, na dizeli ikimwagika inayeyuka. Jaribio ni rahisi: lowanisha kitambaa cheupe kwa petroli kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Lami itaacha weusi na mikono itanata. Utando uliokomaa wa poliyurethani hauyeyuki. Fanya hivyo kabla hujalipa, na fanya hivyo pia unaponunua pikapu iliyotumika ambayo bodi yake imepakwa jana. Kwa gari kama hilo, lala chini yake na tochi. Utando mpya juu na magamba ya kutu chini ni gari linalofichwa ugonjwa.

Angalia pia tarehe kwenye makopo. Kigumushi kina maisha mafupi, na kikishafunguliwa huvuta unyevu. Chupa iliyovimba, au yenye chengachenga na ute chini, irudishe dukani hapohapo, hata kama punguzo la bei ni kubwa.

Ombi langu kuu kwa kila msomaji ni hili: mpe fundi kipande cha bati, ukubwa wa daftari, akiandae na kukipuliza pamoja na bodi yako, siku hiyohiyo, kopo lilelile. Baada ya wiki moja kikunje. Kikate kwa kisu alama ya X hadi chumani, kisha jaribu kuinua ncha kwa ubapa wa kisu. Utando mzuri utachanika vipande kabla haujaachia bati. Pima unene wake kwa kalipa, utoe unene wa bati. Huna haja ya kuharibu bodi yako kujua ulichouziwa, na fundi anayejua kipande hicho kipo atafanya kazi kwa namna nyingine.

Dai risiti ya EFD, na juu yake, au kwenye karatasi iliyoambatanishwa, liandikwe jina la bidhaa, unene ulioahidiwa na tarehe. Dhamana ya maisha inayotajwa mdomoni haina uzito. Ile iliyoandikwa nayo isome: nyingi hulipia kubanduka, hazilipii kuchanika kwa mzigo, na ukiwa Sumbawanga huku mwenye dhamana yuko nchi nyingine, dhamana hiyo ni ya kwenye karatasi tu.

Kuhusu rangi nitasema kidogo. Nyeusi ndiyo inayodumu kwa bei ndogo. Aina nyingi za bei nafuu hupauka juani, na hilo ni la sura tu, halipunguzi sana kinga. Anayetaka rangi ya kudumu aombe koti la juu la aina ya alifatiki, na ajiandae kulipa zaidi. Mbeba nyanya, miche au kuku afikirie kijivu chepesi, kwa sababu sakafu nyeusi mchana wa Januari inapika.

Gari likitoka gereji, usilipakie siku hiyo. Tando za chupa na rola zipe wiki moja kabla ya mzigo mzito, zaidi kama kuna baridi. Hakikisha vitundu vya kutolea maji viko wazi: mwaga ndoo moja ya maji na uangalie yanatokea wapi. Baada ya hapo matunzo ni maji, sabuni na brashi. Ukiona umechanika, usingoje. Kata kingo zilizoinuka, sugua chuma na eneo la pembeni, paka praima, jazia kwa bidhaa ya aina ileile. Jeraha la ukubwa wa shilingi linalotibiwa mwezi huu ni kazi ya asubuhi moja. Likiachwa hadi masika mengine, maji yatakuwa yameshatembea chini ya utando hadi usipopaona.

Na kwa wanaobeba petroli kwenye madumu, msijaze dumu likiwa ndani ya bodi. Taasisi ya NIOSH ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu hilo mwaka 1998, baada ya moto kutokea kwenye pikapu zenye karai za plastiki. Petroli ikimiminika huzalisha umeme tuli, na plastiki au utando chini ya dumu huuzuia umeme huo kufika ardhini. Cheche moja mdomoni mwa dumu inatosha. Shusha dumu, liweke chini kwenye sakafu ya kituo, mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu muda wote wa kujaza, funga kizibo, ndipo ulipandishe garini.